Mwacheni alie

Najua nimepotea, na najua kuna waliokwisha kunitangazia kwamba nimedisko. Hapana, bado nipo nipo kwanza, ni hizi testi za mfululizo na ripoti ya mafunzo kwa vitendo ambayo haiishi. Leo nilipanga kuwaandikia habari ya bei ya wali maharage kwenye kile kibanda cha nyuma ya hosteli (imepanda tena, tutaongea siku nyingine), lakini kuna jambo limetokea Alhamisi usiku na tangu siku hiyo silali vizuri. Kwa hiyo wali maharage usubiri.

Mwenzetu mmoja wa darasani amefiwa na baba yake. Alipigiwa simu saa tisa mchana tukiwa kwenye semina, akatoka nje, hakurudi. Jioni tukakusanyika kwenye ukumbi mdogo wa hosteli kama tunavyofanya siku zote, watu wakachanga nauli, wengine wakaleta chai ya rangi na maandazi, watu wa ushirika wetu wakaja na gitaa. Alikuwa anasafiri alfajiri. Alikuwa analia, na alilia kama mtu aliyefiwa, maana ndivyo alivyokuwa.

Sasa kaka mmoja wa ushirika akasimama kutoa neno. Naomba nieleweke, huyu kaka ni mtu mzuri, namheshimu, ndiye aliyenionyesha jengo la usajili siku ya kwanza nilipofika hapa na begi langu la nailoni. Lakini Alhamisi alisema kwamba mtu aliyeokoka akilia sana msibani anampa Shetani nafasi, kwamba anayemtumaini Mungu hushukuru kwa kila jambo, na kwamba machozi mengi ni dalili ya imani kidogo. Watu wakaitikia amina. Na mimi niliitikia amina, na hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yake. Yule binti akanyamaza. Alinyamaza ghafla kama redio iliyokatikiwa umeme. Halafu tukaimba Ni Salama Rohoni, beti zote, naye akiimba na sisi huku macho yamekauka.

Sikusema kitu pale. Mimi si msemaji mbele za watu, mnanijua. Basi nasema hapa: tumekosea. Tumemfundisha yule dada kwamba akitaka Mungu amsikie lazima kwanza ajifanye hajaumia. Mimi naamini kinyume chake. Naamini kwamba kumlilia Mungu, kumuuliza, hata kumlalamikia usoni pake, ndiko kumtumaini kwenyewe wakati wa shida. Humlalamikii mtu usiyeamini kwamba yupo na kwamba inamhusu. Anayenyamaza kwa sababu ameambiwa kulia ni dhambi, huyo ndiye aliye karibu na mlango wa kutokea. Najua, maana nilishafika kwenye mlango huo, na mkono nilikuwa nimeshaweka kwenye kitasa.

Wachache kati yenu mnajua habari hii, wengine sikuwahi kuwaambia. Mama yangu aligundulika na saratani ya shingo ya kizazi Januari 2023, nikiwa mwaka wa kwanza. Walipoipata ilikuwa imeshafika hatua ya tatu. Huko kwetu Njombe mwanamke akitokwa na damu anasema ni mambo ya umri, anakunywa dawa ya mizizi, anaendelea kulima viazi. (Dada zangu, hii ndiyo saratani inayowapata wanawake wengi zaidi hapa Tanzania, na inasababishwa na kirusi ambacho kina chanjo. Serikali ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Kama una mdogo wako nyumbani, ulizia kama alichanjwa. Kuna maombi ambayo Mungu alishayajibu kwa sindano, sisi tunaendelea kukesha tukiyaomba.)

Mama akaja Dar mwezi Machi kwa ajili ya mionzi pale Ocean Road. Mionzi hii haichomwi mara moja ukaenda zako. Ni kila siku, Jumatatu mpaka Ijumaa, kwa majuma kama matano, halafu kuna ile ya ndani. Alifikia kwa shangazi Mbagala. Alfajiri wanatoka, daladala mbili, foleni, anapigwa mionzi dakika chache tu, wanarudi. Nikiwa sina kipindi ndiyo nampeleka mimi. Alikuwa anatapika njiani, kwenye mfuko wa plastiki anaoukunja vizuri mkononi ili abiria wasione. Mama alikuwa mtu wa usafi sana.

Katikati ya wiki ya tatu kukawa na mkutano mkubwa wa injili uwanjani, na jirani wa shangazi akampeleka. Sitamtaja mtumishi aliyehubiri, wala kanisa lake, na msiniulize kwenye simu. Mama alikuwa na shilingi laki tatu, hela ya viazi vyake alivyouza kabla ya kuja, ndiyo ya nauli na chakula na vipimo vyote vya miezi ile. Usiku ule alipanda laki mbili kama mbegu ya imani. Akaombewa, akaanguka, akainuka, akasema maumivu yameisha. Na kweli siku mbili hakuwa na maumivu, nisiwe mwongo. Aliambiwa kwamba kurudi hospitalini ni kumwonyesha Mungu mashaka. Akaacha mionzi siku nne.

Mimi ndiye niliyemrudisha. Nilipiga kelele mbele ya shangazi na jirani, nikasema, "Mama, turudi hospitali, huyo mtumishi hatakulea mimi na wadogo zangu." Sikuwahi kumpandishia mama sauti kabla ya siku ile. Tulirudi. Daktari alitusikiliza, hakugomba, akaeleza taratibu tu kwamba mionzi haitakiwi kukatishwa katishwa maana ile nafasi ugonjwa unaitumia. Alimaliza dozi mwezi Mei, akarudi Njombe, na Agosti 2023 alifariki.

Sisemi kwamba zile siku nne ndizo zilizomuua. Hatua ya tatu ni hatua ya tatu. Wapo wanaopona hata kwenye hatua hiyo na wapo wasiopona, na mimi si daktari. Ninachosema ni kilichotokea baadaye. Mwezi mmoja baada ya mazishi jirani yule wa Mbagala alimwambia shangazi, shangazi naye katika uchungu wake akaniambia mimi, kwamba uponyaji wa mama ulizuiwa na mtu mwenye mashaka ndani ya nyumba. Ni nani mwenye mashaka? Hakuhitaji kutaja jina.

Wapendwa, kuanzia hapo mpaka karibu na Krismasi sikusali. Nilikuwa nakwenda kwenye ushirika, naimba, nakunja mikono, nasema amina, mtu yeyote angeniona angesema huyu binti Mungu amempa nguvu za ajabu. Hata nilisifiwa. "Dada umesimama imara." Imara gani? Ndani kulikuwa kimya kama chuo wakati wa likizo. Sikuwa na hasira na Mungu kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba hasira ni kukosa imani, na kukosa imani kwangu ndiko kulikomuua mama. Kwa hiyo sikuwa na neno hata moja la kumwambia. Ningesema nini?

Mtu pekee aliyenipa nafasi ya kuumia ni mwenzangu wa chumbani, na huyu ni Mwislamu wa Tanga. Ilipoanza Ramadhani mwishoni mwa Machi ile ya 2023, yeye amefunga, mimi nashinda Ocean Road, tulikuwa tunakutana chumbani magharibi wote tumechoka. Akawa anapika futari ya ziada, mihogo ya nazi na uji wa pilipili manga, anaweka kwenye hotipoti nimpelekee mama. Baada ya msiba hakuniambia habari ya makusudi ya Mungu hata siku moja. Alisema "pole ndugu yangu," akanyamaza. Nikiamka usiku nalia, naye anaamka, anakaa kitandani kwake, hawashi taa. Kuna siku nilimuuliza mbona hasemi kitu, akajibu, "Sasa niseme nini na mimi sijui?" Mpaka leo sijasikia mahubiri yaliyonisaidia kuliko hayo.

Wa pili ni mchungaji wetu mzee wa nyumbani. Alikuja siku ya tatu baada ya mazishi, akavua koti, akaomba kisu, akakaa na akina shangazi nyuma ya nyumba anamenya viazi. Mchungaji anamenya viazi! Akina mama walimkatalia, akawaambia yeye amelelewa na mama kama wao. Kama saa mbili hivi hakuhubiri. Wakati wa kuondoka akanishika mkono akaniambia nikipata nafasi nisome Zaburi ya 88, na akaongeza kwamba nisiisome ili nifarijike. Nikaona mzee amechoka, anachanganya mambo.

Niliisoma Novemba, usiku, chumbani, kwa mwanga wa simu. Kama huijui, nenda kaisome leo, ni fupi. Zaburi nyingi za majonzi zinaanza kwa kilio halafu mwishoni zinageuka, mtu anakumbuka wema wa Mungu, anaahidi kumsifu. Hii haigeuki. Mwandishi anamlilia Mungu mchana na usiku, anamwambia wazi kwamba yeye Mungu ndiye aliyemtupa shimoni na kumtenga na rafiki zake, anauliza kwa nini anamficha uso, na neno la mwisho kabisa la zaburi ni giza. Imekwisha. Hakuna amina, hakuna haleluya.

Nikakaa nikaitafakari. Hii kitu imewekwaje kwenye Biblia? Wale wazee wa zamani waliokusanya zaburi 150 walikuwa na nafasi ya kuitupa hii, au kuibandika kamstari ka furaha mwishoni. Hawakufanya hivyo. Waliiimba hekaluni. Maana yake mtu anaweza kusimama mbele za Mungu na giza tupu mikononi, bila ushuhuda wowote wa ushindi, na hayo yakawa maombi kamili. Na ukiangalia vizuri, yule mwandishi pamoja na uchungu wote anamwita Mungu, mstari baada ya mstari. Hakuondoka. Usiku ule ndiyo nilianza kusali tena, na sala yenyewe sitaiandika hapa maana haikuwa na adabu.

Baada ya hapo nikawa kama mtu aliyepewa miwani. Nikarudi kwa Ayubu. Sisi wote tunamjua Ayubu wa sura mbili za kwanza, yule anayepoteza watoto na mali na bado anambariki Bwana, huyo ndiye anayehubiriwa. Lakini kitabu kina sura 42! Kuanzia ya tatu Ayubu anailaani siku aliyozaliwa, anamtaka Mungu waje mahakamani, anasema maneno ambayo angeyasema Alhamisi pale ukumbini tungemkemea pepo. Na rafiki zake? Mwanzoni walifanya vizuri mno. Walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona uchungu wake ni mkubwa. Wakaharibu walipofungua mdomo. Kila mmoja kwa zamu yake anamweleza Ayubu kwamba Mungu ni wa haki, kwa hiyo lazima kuna kosa amefanya. Mafundisho yao ukiyasoma harakaharaka ni mazuri, unaweza kuyatungia kwaya. Halafu sura ya mwisho Mungu anasemaje? Anawakasirikia wao, anasema hawakunena yaliyo sawa juu yake kama Ayubu mtumishi wake alivyonena. Na msamaha wao unapitia maombi ya Ayubu huyohuyo waliyemhukumu. Mimi hapo nilicheka kwa sauti, mwenzangu akadhani nimepata meseji ya bumu.

Najua kaka yangu wa Alhamisi ana jibu, kwa sababu Ijumaa nilimfuata tukakaa kwenye benchi pale nje ya maktaba karibu saa nzima. Hoja yake ya kwanza ni Waisraeli jangwani. Walinung'unika, Mungu akachukia, kizazi kizima kikaishia njiani. Sasa wewe unasema tulalamike? Ni hoja nzito, sikuijibu siku ile, nimeifikiria mpaka leo. Nimesoma tena Hesabu sura ya 14. Wale watu walilia usiku kucha, ndiyo, lakini walikuwa wanaambizana wao kwa wao, wanamteta Mungu na Musa, na wanapanga kuchagua kiongozi wa kuwarudisha Misri. Wamegeuza mgongo. Yule wa Zaburi ya 88 ana uchungu labda kuliko wao, lakini amegeuza uso. Ni kama watoto wawili wenye malalamiko dhidi ya baba yao: mmoja anamsema kijiweni na kufunga mizigo, mwingine anabisha hodi chumbani kwake usiku wa manane na kumwambia, "Baba, umenionea." Mimi sioni kama hao wawili wanafanya kitu kimoja.

Hoja yake ya pili ilikuwa Paulo, pale anapowaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama wasio na tumaini. Kaka, nakujibu hapa kwa upendo: Paulo hakukataza huzuni. Alikataza ile isiyo na tumaini. Paulo huyohuyo anawaandikia Wafilipi kwamba Epafrodito aliugua karibu ya kufa, na kwamba angekufa, yeye Paulo angepata huzuni juu ya huzuni. Mtume mzima, anayejua ufufuo kuliko sisi wote. Na Yesu mwenyewe kwenye kaburi la Lazaro alilia machozi, wakati alijua kabisa kwamba dakika chache zijazo anamtoa kaburini. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kusema "msilie, kuna makusudi," ni yeye, siku ile. Akalia kwanza.

Sasa tuje kwenye ule wimbo. Ni Salama Rohoni naupenda, tuliuimba kwenye mazishi ya mama, na kila mhubiri ana ile hadithi yake. Horatio Spafford alikuwa wakili Chicago. Moto mkubwa wa Oktoba 1871 ukaunguza mali zake. Novemba 1873 akamtanguliza mke wake Anna na mabinti zao wanne kwenda Ulaya kwa meli, Ville du Havre. Usiku katikati ya Atlantiki ikagongana na meli nyingine, ikazama kwa dakika chache, watu 226 wakafa. Mabinti wote wanne walikufa. Anna aliokolewa, akampelekea mumewe simu ya maandishi kwamba amepona peke yake. Baba akapanda meli kumfuata, na baada ya hapo yakatoka maneno ya wimbo, Philip Bliss akautia muziki mwaka 1876. Mhubiri anaishia hapo: mwaona, amepoteza wote na bado anaimba ni salama! Na wewe unalia kwa sababu ya sapu?

Lakini maisha yao hayakuishia hapo, na sehemu iliyobaki ndiyo inayonigusa mimi. Walipata watoto wengine, na mwaka 1880 mtoto wao wa kiume akafa kwa homa akiwa bado mdogo kabisa. Na hapo ndipo baadhi ya watu wa kanisa lao wakaanza kusema kwamba misiba yote hii si bure, lazima kuna adhabu ya Mungu juu ya nyumba ile. Yaani mtu aliyewatungia wimbo wa kufarijiana ndiye anayeambiwa kuna kosa nyumbani kwake. Nikasoma hapo nikamkumbuka jirani wa Mbagala. Waliachana na kanisa lile, na mwaka 1881 wakahamia Yerusalemu na kikundi kidogo cha wenzao. Spafford alifia huko mwaka 1888. Anna aliendelea kuongoza ile jumuiya yao mpaka alipofariki mwaka 1923, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, watu wa Yerusalemu walipokuwa wanakufa njaa, jumuiya hiyo ilikuwa inawapikia supu bila kuuliza nani ni dini gani.

Mimi nikiuimba ule wimbo siku hizi namuona huyo mama kuliko mumewe, mama aliyezikiwa watoto watano, wanne bila kaburi. Sijui kama asubuhi zote aliamka na amani. Sidhani. Lakini sufuria ilikuwa jikoni.

Msije mkanielewa vibaya kwamba nataka misiba yetu iwe ya kukata tamaa. Wala sisemi Mungu haponyi, kuna mama mmoja tulikuwa naye foleni moja Ocean Road, hatua ileile, mpaka leo yuko Bagamoyo anauza vitumbua, na bado ananitumia meseji za asubuhi. Kwa nini yeye na si mama? Sijui. Nimemuuliza Mungu mara nyingi na hajanijibu, na nimeacha kuogopa kumuuliza. Wakati mwingine namwambia sikubaliani na wewe, halafu namwombea mdogo wangu mitihani ya kidato cha nne kwenye sala hiyohiyo. Ninamtumaini. Neno hilo nalisema sasa bila kuvaa sura ya Jumapili.

Ninachoomba kwa wenzangu wa ushirika ni kidogo tu. Usiku wa kwanza wa msiba tusihubiri. Hata yale ya kweli yasubiri. Warumi sura ya 8 haitaozea, itakuwepo mwezi ujao. Tuulize amekula nini, nani anampeleka stendi, nani anamwandikia barua ya kuomba mtihani maalumu, nani anamnakilia madesa (mimi nilipewa madesa ya nusu muhula na mtu ambaye mpaka leo hataki nimtaje, na bila hayo kweli ningedisko). Na mtu akilia tumwache alie. Akisema maneno mabaya kwa Mungu, tusimjibie Mungu, hajatutuma.

Kaka wa Alhamisi hakukubaliana na mimi yote. Alisema naweza kuwafungulia watu mlango wa kumkufuru Mungu. Nikamwambia mlango huo sisi tumewafungulia siku nyingi kwa upande mwingine, wanatoka kimyakimya huku wanaimba. Akanyamaza, akachora chora chini kwa kijiti. Halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea, kwamba yeye mwenyewe alifiwa na mdogo wake akiwa kidato cha pili, na aliambiwa asilie kwa sababu yeye ndiye mwanaume mkubwa nyumbani. Hatukuendelea na mjadala. Tulikaa pale mpaka taa za nje zikawashwa.

Yule dada nilimpigia jana. Wamemzika baba. Simu ilikuwa inakatika katika kwa sababu ya mtandao, kwanza akasema anamshukuru Mungu, anaendelea vizuri, kama tulivyomfundisha. Nikamwambia mwenzangu, si lazima unijibu hivyo, mimi nilikaa miezi minne nikidanganya kwa majibu hayohayo. Akakaa kimya muda, nikadhani simu imekata. Halafu akaanza kulia, na mimi sikusema neno, nikabaki na simu sikioni mpaka dakika zangu zikaisha.

Anarudi Jumatano na basi la usiku. Tumepanga zamu ya kumpikia wiki nzima, chumba chetu ndiyo jiko. Bado unga, mafuta na mtu wa Ijumaa. Kaka wa Alhamisi amejiandikisha Jumamosi, anasema anajua kupika makande, tutaona. Anayeweza kuongeza chochote anitafute, na mwenye madesa ya wiki hii aliyeandika kwa mwandiko unaosomeka namuomba sana. Mimi nina testi kesho saa mbili asubuhi na sijafungua hata ukurasa.